Mwani Ulitangulia Mifupa

Wasee, ukitaja visukuku Kenya, kila mtu anakimbilia Turkana. Sawa. Yule kijana wa Nariokotome, aliyepatikana 1984, ana miaka kama milioni 1.5. Lakini kuna mwani wa miaka karibu bilioni 1.05.

Unaitwa Bangiomorpha pubescens, mwani mwekundu uliopatikana kwa mawe ya Kisiwa cha Somerset, kaskazini kabisa mwa Kanada. Ni nyuzi ndogo za kuangaliwa na hadubini. Seli zake ni kati ya ushahidi wa zamani zaidi wa uzazi wa dume na jike. Halafu 2020 wanasayansi wakatangaza mwani wa kijani kutoka Liaoning, China: miaka kama bilioni 1, urefu milimita 2 hivi. Ukoo huo wa kijani ndio ulizaa mimea ya nchi kavu, hadi sukuma wiki ya hapa Gatongora.

Mbona hatuusikii? Mwani hauna mfupa. Ukifa unaoza, isipokuwa matope au silika iuzibe haraka. Kwa hivyo mawe yametunza hasa vitu vigumu, na sisi tukadhani hiyo ndiyo historia yote.

Kosa hilo bado tunalifanya. Kule Kibuyuni, Kwale, akina mama wanalima mwani mwekundu. Ute wake unatumika kwa aiskrimu na dawa za meno. Zanzibar, bahari ikipata joto, mwani wa kotonii umekuwa ukifa shambani. Shamba likiisha, halitaacha kisukuku. Kazi ya hao mama irekodiwe sasa, wakiwa bado wanalima.