Kilimo cha vitunguu saumu Tabora

Kilimo cha vitunguu saumu Tabora ni upandaji na utunzaji wa kitunguu saumu (jina la kisayansi: Allium sativum) katika mji wa Tabora na maeneo ya jirani, magharibi mwa Tanzania. Zao hili lilikuwapo huko tangu wakati wa misafara ya karne ya 19, ingawa Tabora haihesabiwi miongoni mwa maeneo mashuhuri ya vitunguu saumu nchini, kama vile Mbulu katika mkoa wa Manyara. Sababu kubwa ni hali ya hewa. Mmea huu unahitaji kipindi cha baridi ili utunge kichwa, na baridi ya Tabora ni fupi, tena huja wakati wa ukame. Kwa hiyo anayepanda mwanzo wa mvua, kama apandavyo mahindi, kwa kawaida hupata majani mengi na vichwa vidogo au vilivyooza.

Jina

Neno "saumu" katika jina la mmea huu halihusiani na saumu ya mfungo. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini ni maneno tofauti: la kwanza linatokana na thum, yaani mmea wenyewe, na la pili linatokana na sawm, yaani kufunga. Ndiyo maana wengine huandika "kitunguu thomu".

Historia

Asili ya kitunguu saumu ni Asia ya Kati. Katika karne ya 19 Tabora, iliyoitwa pia Kazeh, ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Wafanyabiashara Waarabu walijenga matembe yao hapo na katika kijiji cha jirani cha Kwihara. Henry Morton Stanley, aliyefika huko mwezi Juni 1871 akimtafuta David Livingstone, aliandika kwamba Waarabu wakubwa wa mahali hapo walikuwa na vitunguu, vitunguu saumu, pilipili, matango, nyanya na biringanya. Alitaja pia ngano, michungwa, milimau, mipapai na miembe iliyopandwa kuzunguka matembe.

Miembe hukaa miaka mingi hata kama aliyeipanda ameondoka. Kitunguu saumu sivyo: kwa kawaida hakizai mbegu, hivyo huendelea tu pale ambapo mtu hutunza punje na kuzipanda tena kila mwaka.

Hali ya hewa na udongo

Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu 15 °C, kisha hupanda haraka, na Oktoba huwa na joto kali. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo baridi ndiyo hasa inayouamsha mmea kutunga kichwa.

Udongo wa kichanga hupitisha maji upesi na una rutuba kidogo, kwa hiyo huhitaji samadi iliyooza vizuri. Udongo mweusi wa mbugani una rutuba zaidi, lakini hutuamisha maji, nayo huozesha vichwa. Penye udongo wa namna hiyo ni lazima kuinua matuta.

Upandaji

Wakati unaofaa ni mwisho wa Aprili hadi Mei, mvua zinapokatika, mahali penye kisima au maji mengine ya kumwagilia. Hatua zake ni hizi:

1. Chagua vichwa vikubwa visivyo na ukungu wala madoa. Vichwa vilivyozoea mazingira ya Tanzania ni bora kuliko vilivyotoka nchi za mbali.
2. Punje zinaweza kuwekwa kwenye friji, si kwenye sehemu ya barafu, kwa wiki 4 hadi 8 kabla ya kupanda. Hii husaidia kufidia upungufu wa baridi.
3. Tenganisha punje siku ya kupanda bila kuzimenya. Panda zile kubwa. Ndogo zipelekwe jikoni.
4. Panda kwa kina cha sentimita 3 hadi 5, ncha ikielekea juu. Acha sentimita 10 hadi 15 kati ya mimea na 20 hadi 30 kati ya mistari.

Utunzaji

Mizizi yake ni mifupi, kwa hiyo udongo usiachwe ukauke kabisa wakati majani yanakua. Matandazo ya nyasi kavu hupunguza upotevu wa maji. Palizi ifanywe kwa mkono au kijembe kidogo ili kutojeruhi vichwa.

Vithiripi (Thrips tabaci) hufyonza majani na kuacha mabaka ya rangi ya fedha. Magonjwa ya ukungu ni pamoja na kutu, baka zambarau na uozo mweupe. Uozo mweupe hubaki ardhini zaidi ya miaka 20, kwa hiyo mbegu safi ni kinga muhimu kuliko dawa. Shamba lisirudiwe na jamii ya vitunguu kwa miaka 3 au zaidi.

Kuvuna na kuhifadhi

Majani ya chini yakikauka, kwa kawaida Septemba, umwagiliaji husimamishwa wiki 2 kabla ya kung'oa. Vichwa hukaushwa kivulini penye upepo kwa wiki 2 hadi 4. Vilivyo bora zaidi hutengwa kuwa mbegu ya mwaka unaofuata.

Matumizi na tahadhari

Punje nzima hainuki sana. Ikipondwa, kimeng'enya chake hugeuza aliini kuwa alisini, ambayo huleta harufu na ukali. Hutiwa katika pilau, michuzi na achari.

Katika tiba za nyumbani watu hukichanganya na asali, zao mashuhuri la Tabora, kwa ajili ya kikohozi. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali, kwani inaweza kuwa na bakteria Clostridium botulinum. Bakteria hao huweza pia kuzaliana katika vitunguu saumu vibichi vilivyolowekwa kwenye mafuta na kuachwa nje ya friji. Punje mbichi ikifungwa juu ya ngozi huweza kuiunguza. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au dawa za Virusi vya UKIMWI amweleze daktari kabla ya kukila kwa wingi kama dawa. Kitunguu saumu hakichukui nafasi ya matibabu ya hospitali.