Biashara Bila Ubalozi: Washington na Moscow kabla ya 1934

Kwa miaka 16 Marekani ilikataa kuitambua serikali ya Wabolsheviki, wakomunisti waliotwaa madaraka Urusi mwaka 1917. Sababu zake zilijulikana: Moscow ilikuwa imeyakana madeni ya Tsar, imetaifisha mali za Wamarekani bila fidia, na kupitia Komintern, shirika la vyama vya kikomunisti duniani, ilichochea mapinduzi ugenini. Balozi hakuwapo. Lakini mlango wa uani ulikuwa wazi, na watu walipita mchana kweupe.

Mwaka 1924 Wasovieti walifungua New York kampuni iliyoitwa Amtorg. Kisheria ilikuwa kampuni ya Kimarekani kama nyingine yoyote. Kwa vitendo ndiyo iliyokuwa macho, masikio na mkoba wa Moscow. Mwaka 1929 Henry Ford, mtengenezaji wa magari, alikubali kusaidia kujenga kiwanda cha magari Nizhny Novgorod, Ford yuleyule ambaye kiwandani kwake hakutaka hata kusikia habari za vyama vya wafanyakazi. Albert Kahn, msanifu majengo wa Detroit, alichora kiwanda cha matrekta cha Stalingrad. Vyuma vya jengo hilo vilifuliwa Marekani, vikapakiwa melini, vikaja kuunganishwa kando ya mto Volga. Kiwanda kikafunguliwa Juni 1930.

Fedha za kulipia zilitoka wapi? Nafaka, mbao, manyoya, manganizi. Na kwa siri, picha za jumba la makumbusho la Hermitage, Leningrad. Kati ya 1930 na 1931 Andrew Mellon alinunua 21 kupitia madalali, kwa zaidi ya dola milioni 6. Moja ya Raphael, ya Bikira Maria na Mtoto, ilipita dola milioni moja. Mellon huyo alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi isiyoitambua serikali iliyomuuzia. Mwaka 1930 wizara yake ilizuia kwa muda magogo ya kutengenezea karatasi kutoka Urusi, kwa madai kwamba yalikatwa na wafungwa. Picha hazikuzuiwa na mtu. Leo zimetundikwa Washington, katika makumbusho ya taifa ya sanaa.

Kisha mdororo wa uchumi ukaziangusha bei za mazao ya Urusi, na Wajerumani wakawapa Wasovieti mikopo yenye dhamana ya serikali. Mauzo ya Marekani kwao, yaliyofika takriban dola milioni 114 mwaka 1930, yalibaki kama milioni 9 mwaka 1933. Wafanyabiashara wakapiga kelele, na tarehe 16 Novemba 1933 Rais Roosevelt na Litvinov, kamishna wa mambo ya nje wa Sovieti, wakabadilishana hati za kutambuana.

Ubalozi ukapatikana, wateja hawakurudi. Benki iliyoundwa mwaka 1934 mahususi kugharimia biashara hiyo haikuwakopesha Wasovieti hata senti, kwa kuwa mazungumzo ya madeni yalikwama; nayo sheria ya mwaka huohuo ikawapiga marufuku wakopeshaji binafsi kuzikopesha serikali zilizo wadaiwa sugu. Kiwango cha 1930 hakikufikiwa tena mpaka baada ya Hitler kuivamia Urusi mwaka 1941 na shehena za vita kuanza kwenda huko, safari hii kwa gharama ya Hazina ya Marekani yenyewe.