Kitabu, Redio na Kompyuta: Vyombo vya Elimu na Vijana Waliobaki Nje ya Mlango

Utangulizi

Jambo la vijana wengine kuwa na kompyuta na wengine kutokuwa nayo huzungumzwa aghalabu kana kwamba limezaliwa jana. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba Kanisa letu limekwisha kukutana nalo mara kadhaa, kwa sura mbalimbali, tangu siku za Matengenezo. Historia hiyo yatufundisha kwamba chombo kipya cha elimu, kikiachwa kijiendee chenyewe, huwafikia kwanza wale waliokwisha kujaliwa. Kinachopunguza pengo si chombo, bali ni uamuzi wa watu kukusanyika kukizunguka, wakiwa na mwalimu kati yao.

1. Kitabu kilichopigwa chapa

Tumezoea kusema kwamba mtambo wa kupigia chapa, uliotumiwa na Gutenberg huko Mainz kutoa Biblia yake yapata mwaka 1455, ndio uliolifikisha Neno kwa watu wote. Maneno hayo ni kweli nusu tu. Agano Jipya alilolitafsiri Luther lilipotoka Wittenberg mwezi wa Septemba 1522, nakala zipatazo 3,000 zilinunuliwa kwa muda mfupi. Lakini walionunua walikuwa watu wenye fedha na wenye kujua kusoma. Mkulima wa Saksonia hakuwa na la kwanza wala la pili, na mtoto wake kadhalika.

Luther hakuridhika na kitabu kuwapo sokoni. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani, akiwataka waanzishe na kutunza shule. Aliwakumbusha kwamba kila mwaka miji hutumia fedha nyingi kwa silaha, barabara na madaraja. Kwa nini basi isitumie zaidi kwa ajili ya vijana maskini? Aliwataja wavulana na wasichana pia, na akaomba miji isione gharama kuwa kubwa katika kuweka maktaba nzuri. Mwaka 1529 Katekisimo Ndogo ilitoka kwanza kama karatasi kubwa za kubandikwa ukutani, kabla ya kuwa kijitabu. Karatasi moja iliitosha nyumba nzima: mmoja alisoma, wengine wakasikia na kukariri. Kwa hiyo urithi wetu wa Kilutheri si mtambo wa chapa peke yake, bali ni mtambo pamoja na shule, maktaba na ukuta wa nyumba.

2. Redio na kikundi

Wamisionari wa Kilutheri walipofika katika nchi yetu, Usambara na kusini kuanzia mwaka 1891, na Kilimanjaro mwaka 1893, walikuja na kitabu na shule kwa pamoja. Lakini shule zilifuata vituo vya misheni, na vituo havikuenea sawasawa. Hivyo sehemu nyingine za nchi zilipata wasomi mapema, na nyingine zikangoja. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, walio wengi hawakujua kusoma. Hata mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa wawili katika kila watatu.

Ndipo redio ilipopewa kazi. Kanisa lilikuwa na sehemu yake: kituo cha Sauti ya Injili kilichofunguliwa na Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni huko Addis Ababa mwaka 1963 kilitangaza kwa Kiswahili pia, mpaka kilipotaifishwa na Serikali ya Ethiopia mwaka 1977. Hata hivyo, mfano unaofaa kuchunguzwa zaidi ni kampeni ya taifa ya mwaka 1973 iliyoitwa Mtu ni Afya. Siku zile redio ilikuwa mali ya wachache kijijini. Kama vipindi vingetangazwa hewani tu, wangefaidika wenye redio na wenye kununua betri. Lakini Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipanga vikundi. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, vijitabu vya lugha nyepesi vikachapishwa, na watu wapatao milioni 2 wakakutana kila juma kwa majuma 12. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Asiye na redio alikaa sawa na mwenye nayo, na asiyejua kusoma alisomewa na jirani yake.

Hatusemi kwamba kazi hiyo ilikuwa haina kasoro. Kufikia mwaka 1986 takwimu za Serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa chini ya asilimia 10, lakini mafanikio hayo yalififia katika miaka ya 1990, fedha za elimu ya watu wazima zilipopungua. Jambo hili nalo ni fundisho: kikundi kisipotunzwa hufa, hata kama redio ingali inalia.

3. Mlango uliofungwa, kisha ukafunguliwa

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilianza nayo miaka ya 1970. Nia haikuwa mbaya: nchi maskini haikutaka kutapanya fedha za kigeni kwa vitu vya anasa. Lakini kumnyima kila mtu chombo si kuleta usawa. Mlango ulipolegezwa, walioingia kwanza walikuwa watu wa mijini wenye umeme na fedha. Mkongo wa baharini uliofika Dar es Salaam mwaka 2009 uliongeza kasi ya mawasiliano, lakini kijana wa kijiji kisicho na umeme hakuonja kasi hiyo.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 2020. Tarehe 17 Machi shule zetu zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wengi hawakurudi mpaka tarehe 29 Juni. Kwa miezi hiyo darasa lilihamia nyumbani, na kila nyumba ikawa shule kwa kadiri ya mali yake. Mwaka huohuo mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikadiria kwamba theluthi mbili ya watoto wa dunia wa umri wa kwenda shule hawakuwa na intaneti nyumbani. Katika Afrika ya Mashariki na Kusini, vijana na watoto waliokuwa nayo walikuwa kama asilimia 13 tu. Chombo kilikuwapo, lakini palikosekana mahali pa kukusanyikia.

Hitimisho

Maandiko nayo yanatuonyesha njia mbili. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8, towashi Mwethiopia alikuwa na chuo cha nabii mkononi, mali ya mtu mwenye cheo, naye akisoma ndani ya gari lake. Hata hivyo alihitaji Filipo apande na kuketi pamoja naye. Katika Nehemia sura ya 8, kitabu kilikuwa kimoja na watu walikuwa wengi. Wanaume, wanawake na wote walioweza kufahamu walisimama uwanjani, na Walawi wakawaeleza maana. Mwenye kitabu peke yake alimhitaji mwalimu, na umati usio na vitabu ulielewa kwa sababu ulikuwa na walimu.

Kwa hiyo hatuna budi kujiuliza, sisi tunaotumwa usharikani. Mwalimu wa kipaimara anayetuma mafundisho kwa simu pekee, je, anajua ni vijana wangapi darasani mwake wasiokuwa nayo? Binti anayebaki nyumbani akichota maji huku kaka yake ameshika simu ya baba, nani amemhesabu? Kanisa letu lina majengo ambayo hukaa yamefungwa Jumatatu hadi Jumamosi. Kompyuta moja katika chumba cha usharika, yenye ratiba iliyo wazi, saa zilizotengwa kwa wasichana, na mwalimu anayefika bila kukosa, hufanya kazi iliyofanywa na karatasi ya ukutani mwaka 1529 na redio ya kikundi mwaka 1973. Bila mwalimu huyo na ratiba hiyo, kompyuta itakuwa ya mtoto wa mzee wa kanisa, na wenzake watachungulia dirishani.