Uingereza: kumlipa fundi wa boila kwa kadi ya mkopo kunamlinda mteja namna gani?

Huku Kongo, mara nyingi fundi anapewa avansi mkononi ili aende kununua vifaa. Akipotea nayo, mwenye nyumba anabaki kumtafuta kwa ndugu zake ao kwa shefu wa kartie. Mkongomani aliyehamia Uingereza akifanya vile kwa kazi ya boila, ile mashini ya gazi inayopasha maji na vyumba joto, anaacha ulinzi ambao sheria ya inchi hiyo inampa mwenye kulipa kwa kadi ya mkopo.

Benki inajibu pamoja na fundi

Kadi ya mkopo ni ile ambayo benki inamlipa fundi kwanza, na mwenye kadi anarudishia benki nyuma. Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kinasema hivi: kama bei inapita paundi 100 na haizidi paundi 30 000, benki inajibu pamoja na fundi. Fundi akikosa kuja, akiharibu kazi, ao kampuni yake ikifunga milango, mteja anaweza kudai benki yenyewe.

Si lazima kulipa bei yote kwa kadi. Tuseme boila pamoja na kuifunga ni paundi 2 400. Mteja akitoa avansi ya paundi 150 kwa kadi ya mkopo, na inayobaki kwa njia nyingine, kazi nzima inalindwa, si zile 150 tu.

Fasi ulinzi unakatika

Feza ya mkononi, ao iliyotumwa kutoka konti moja hadi nyingine, haiingii katika kifungu hicho. Kadi ya kawaida, inayotoa feza moja kwa moja kwenye konti, nayo haiingii. Hapo benki inaweza kujaribu kurudisha feza kufuatana na kanuni za Visa ao Mastercard, lakini hiyo si haki ya kisheria, na mara nyingi muda wake ni siku 120.

Kuazima kadi ya ndugu kunaweza pia kuharibu mambo, kwa sababu mwenye kadi anapaswa kuwa ndiye aliyepatana na fundi. Ni vilevile kwa kulipa kupitia mtu wa katikati.

Fundi ana ruhusa ya kukataa kadi. Lakini akiikubali, tangu tarehe 13 Januari 2018 haruhusiwi kuongeza bei juu ya kadi. Mteja naye asipomaliza deni la mwezi kwa wakati, riba itapandisha bei ya boila.

Mbele na nyuma ya kulipa

Boila iliyofungwa vibaya inaweza kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Kwa hiyo fundi wa gazi anapaswa kuandikwa katika Gas Safe Register. Kitambulisho chake kina picha, na upande wa nyuma unaonyesha kazi anazoruhusiwa kufanya. Inafaa kuomba bei kwa maandishi na kuchunga risiti.

Kazi ikiharibika, mteja anaandikia fundi na benki. Benki ikikataa, ao ikipitisha wiki 8 bila jibu la mwisho, malalamiko yanapelekwa kwa Financial Ombudsman Service, bila malipo. Barua ya mwisho ya benki ikishatoka, mteja ana miezi 6 ya kufanya hivyo.