Digrii Ilikuwa Dili: Kutoka Wanafunzi 13 wa Lumumba Hadi Deni la Bodi

Nenda kijiwe chochote Dar, taja neno "chuo", halafu tulia usikilize. Mmoja atamtaja msanii mkubwa aliyeishia la saba na leo anasukuma gari la maana. Mwingine atamtaja jamaa wa mtaa wa pili: digrii iko kabatini, mwenyewe yuko barabarani na bodaboda. Hukumu inatoka hapo hapo: chuo hakilipi. Ila mzee aliyekaa pembeni na gazeti lake anatikisa kichwa. Enzi zake aliyeingia chuo kikuu alikuwa ameukata.

Wote wanasema kweli. Kilichobadilika ni makubaliano kati ya msomi na nchi.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kikuu cha kwanza nchini kilifunguliwa kwenye jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Kitivo kimoja tu, sheria. Wanafunzi 13. Mlimani walihamia baadaye, 1964. Nchi ilikuwa na njaa ya wanasheria, walimu, madaktari na wahandisi, na wasomi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Serikali ikasomesha, na ukimaliza kazi ilikuwa inakusubiri. Mambo ya kuzunguka na bahasha ya kaki yalikuwa bado.

Lakini hakikuwa cha bure. Mwalimu alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akishiba akapotelea huko, huyo ni msaliti.

Oktoba 1966 kikanuka. Serikali ilitaka wahitimu wapitie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, muda mwingi wakiwa kazini kwa 40% tu ya mshahara. Wanafunzi wakagoma, wakaandamana hadi Ikulu na mabango, moja likidai hata ukoloni ulikuwa na nafuu. Mwalimu alichukia kweli kweli. Akaukata mshahara wake mwenyewe kwa 20%, kisha akawatimua zaidi ya 300 warudi makwao. Wengi walirudishwa chuoni baadaye, ila ujumbe ulifika: taifa limelipa, na wewe unadaiwa utumishi.

Mwaka 1974 Azimio la Musoma likakaza zaidi. Kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo, basi. Kwanza ufanye kazi, mwajiri na chama wakupendekeze. Utaratibu huo ulikuja kulegezwa, na miaka ya 80 uchumi ukayumba. Miaka ya 90 likaja neno jipya, "uchangiaji", na vyuo binafsi navyo vikafungua milango. Bodi ya Mikopo ikaundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Tangu 2016, aliyeajiriwa anakatwa 15% ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Mwaka 2021 serikali ilifuta ile tozo ya 6% iliyokuwa inavimbisha deni kila mwaka, na watu wakashusha pumzi. Lakini deni lenyewe lipo pale pale.

Sasa linganisha. Kijana wa 1961 alilipiwa, akaajiriwa, akadaiwa utumishi. Kijana wa leo anakopa, ajira anajitafutia, na anadaiwa pesa. Shida ni kwamba wazazi wengi wanampeleka mtoto chuo kwa matumaini ya 1961, wakati bili ni ya leo.

Je, ndo kusema chuo ni kupoteza muda? Hapana. Hakuna njia ya mkato ya kuwa daktari, wakili au mhandisi. Na yule msanii wa la saba anatajwa kila kijiwe kwa sababu wa aina yake ni wachache. Waliojaribu njia hiyo hiyo wakakwama hakuna anayewataja.

Kwa hiyo mwenye barua ya udahili mkononi asiulize tu kama chuo kinalipa. Aulize kozi hii inafungua mlango gani, nani analipa, na mlango ukigoma atashika nini. Wale 13 walijibiwa maswali hayo na nchi nzima. Wewe unayajibu mwenyewe, tena kabla hujasaini fomu ya mkopo.