Altona: Mji Uliostawi kwa Mpaka wa Hamburg

Altona, iliyoko kwenye ukingo wa kaskazini wa Mto Elbe nchini Ujerumani, leo ni mojawapo ya wilaya saba za jiji la Hamburg, lakini kwa zaidi ya miaka 270 ilikuwa mji unaojitegemea, wenye baraza na hazina yake. Mji huo haukustawi kwa kujitenga na Hamburg, bali kwa kupakana nayo, kwa kuwa uliwapokea watu na kazi zilizokataliwa na jirani yake tajiri, na mpaka wenyewe ukawa mtaji wake.

Kijiji cha wavuvi na mafundi kilichoanza hapo katika karne ya 16 kilikuwa chini ya makabaila wa Schauenburg, wakati ambapo Hamburg ilikuwa imefunga milango miwili. Wa kwanza ni wa dini, kwani ibada ya hadharani iliruhusiwa kwa Walutheri peke yao. Wa pili ni wa kazi, kwani vyama vya mafundi ndivyo vilivyoamua nani aruhusiwe kufungua karakana. Mwanzoni mwa karne ya 17, Ernst wa Schauenburg alitenga eneo ambamo vizuizi hivyo havikutumika, na kumbukumbu yake imebaki katika majina ya mitaa ya Große Freiheit na Kleine Freiheit, yaani Uhuru Mkubwa na Uhuru Mdogo. Walihamia huko Wakatoliki, wafuasi wa Calvin na Wamenonaiti, ambao ni Wakristo wanaobatiza watu wazima tu na wasiokubali kushika silaha. Wayahudi wenye asili ya Ureno walioishi Hamburg nao walinunua ardhi ya makaburi Altona mwaka 1611, na makaburi hayo yapo hadi sasa.

Ukoo wa Schauenburg ulipokosa mrithi mwaka 1640, eneo hilo liliangukia mikononi mwa mfalme wa Denmark, na mwaka 1664 Mfalme Frederick III akaipa Altona hati ya mji pamoja na hadhi ya bandari huru, yaani bandari ambayo bidhaa zake husamehewa ushuru wa forodha. Kuanzia mwaka 1703 wavuvi waliruhusiwa kuuza samaki Jumapili alfajiri, kwa kuwa samaki hangoji Jumatatu, mradi biashara ikome kabla ya ibada. Januari 1713 jeshi la Sweden liliuteketeza mji kulipiza kisasi cha mji wa Stade, uliokuwa umechomwa kwa mizinga ya Denmark, lakini Altona ilijengwa upya na kuwa mji wa pili kwa ukubwa katika milki ya Denmark, nyuma ya Copenhagen pekee.

Mabadiliko ya karne ya 19 yaliudhoofisha mpaka huo hatua kwa hatua. Denmark ilishindwa vitani mwaka 1864, Altona ikawa sehemu ya Prussia mwaka 1867, na mwaka 1888 miji yote miwili ikaingia katika eneo moja la forodha la Ujerumani, hivyo faida ya kuwa upande wa pili wa mpaka ikatoweka. Mji ulijibu kwa kujitanua: ulimeza Ottensen, eneo la viwanda, mwaka 1889, na mwaka 1927 ukaongeza vijiji vya kando ya Elbe, kikiwemo Blankenese, hata wakazi wake wakazidi 200,000.

Uamuzi wa mwisho haukutoka kwa wakazi hao. Sheria ya Hamburg Kuu, iliyopitishwa na serikali ya Kinazi Januari 1937, iliihamishia Altona kwa Hamburg, na Aprili 1938 mji ukakoma kisheria. Ofisi za wilaya sasa zimo katika jengo lililokuwa makao ya baraza la mji, ambalo kabla ya hapo lilikuwa stesheni ya reli, na soko la samaki bado hufunguliwa Jumapili alfajiri. Hata hivyo, wilaya ya leo si mji ule wa zamani kwa jina lingine, kwani Blankenese, iliyokaa ndani ya mji huo kwa takriban miaka 10 tu, imo wilayani, ilhali mtaa wa Große Freiheit, ulioonyesha wazi zaidi kwa nini Altona ilikuwepo, ulihesabiwa upande wa St. Pauli, eneo jirani lililo nje ya wilaya hii, mipaka ilipochorwa upya mwaka 1938.