Kobalti ya Kolwezi na Sekta za Diski

Serikali ya Kongo iliposimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi mwezi Februari 2025, kisha Oktoba ikaruhusu kwa mgawo, mjadala ulielekea zaidi kwenye betri za magari, ilhali madini hayo yamebeba kumbukumbu za kompyuta tangu miaka ya 1980. Uso wa diski kuu hupakwa utando mwembamba wa aloi ya kobalti wenye usumaku, na kufomati diski kwa maana yake ya asili ni kuugawa uso huo katika vipande viitwavyo sekta, kila kimoja kikiwa na alama ya kuanzia, data yenyewe na tarakimu za kurekebisha makosa.

Kompyuta za wahandisi za zamani, kama zile za Sun, zilitumia sekta za baiti 512, ilhali mashine za IBM AS/400 zilitumia baiti 520, zile nane za ziada zikitunza taarifa za mfumo. Kwa hiyo diski iliyotoka huku haikutumika kule mpaka ifomatiwe upya, kazi ya saa kadhaa ambayo umeme ukikatika katikati hulazimu kuanza tena.

Kolwezi, mji wa machimbo ya kobalti kusini mwa Kongo, iliingia kwa nguvu katika historia hiyo ya diski Mei 1978. Tarehe 13 wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC waliokuwa na kambi zao Angola waliuteka mji; tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa wakaanza kushushwa, na kufikia mwisho wa mapigano mamia ya raia, Waafrika na Wazungu, walikuwa wameuawa. Kwa kuwa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ndiyo iliyoongoza duniani kwa kobalti, bei iliyokuwa karibu dola 7 kwa ratili mwanzoni mwa mwaka huo ilifika dola 25 mwaka uliofuata, na watengenezaji wa sumaku wakahangaika kutafuta mbadala. Mwaka 1983 Masato Sagawa wa Japani, na watafiti wa General Motors huko Marekani, kila upande kwa njia yake, walitangaza sumaku ya neodimi, chuma na boroni, ambayo ndiyo iliyokuja kuusogeza mkono wa kusomea ndani ya diski. Utando wa diski, hata hivyo, haukuachana na kobalti.

Sekta nazo zilibadilika: kuanzia 2011 viwanda vilihamia sekta za baiti 4096, nyingi zikijionyesha kwa kompyuta kana kwamba ni za 512.

Ni dhuluma kwamba masimulizi ya diski huwataja wavumbuzi na kuwanyamazia wachimbaji. Vyuo vya Lualaba, mkoa ulimo Kolwezi, vinavyofundisha kompyuta viifundishe Mei 1978 pamoja na amri za kufomati.